Siku Niliyoushika Mguu wa Kocha Imelda

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana nisipokiri mimi atakiri mwingine, watu wa mwambao hawajui kutunza siri: mimi Mabula, mwalimu wa hesabu, mtu mzima mwenye cheti na ndevu zake, niliwahi kuburutwa kutoka ziwani mbele ya kijiji kizima nikiwa na filimbi shingoni na nimeushikilia mguu wa mwanamke. Na si mguu wowote, nyie acheni tu. Ulikuwa mguu wa kushoto wa Kocha Imelda, ule uliopooza, na huku nimeushika nilikuwa nampigia Kocha kelele za kuswaga ng'ombe. Chekeni kabisa mmalize, halafu niwasimulie ilivyokuwa, kwa sababu ile inayosimuliwa vijiweni Mpanda imeongezwa chumvi (mamba hakuwepo, sijui huyo mamba kaingizwa na nani).

Ilikuwa miaka ya tisini, Katavi haijawa mkoa, sisi wote tulikuwa tunaitwa watu wa Rukwa. Kwetu ni Misunkumilo, lakini baba alikuja na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, kwa hiyo mimi nimekua nyuma ya mikia ya ng'ombe, na maji niliyoyajua ni ya kisima, ya mvua na ya mto Katuma. Nilipomaliza chuo wakanipangia shule moja ya mwambao wa Tanganyika, ukifika Kapalamsenga bado unatembea saa nzima. Nikapanda lori lililokuwa linafuata dagaa, nikashuka nimevaa mabuti ya mpira mpaka magotini, kwa sababu mama alisema ziwani kuna tope. Mchanga mweupe, jua linawaka, watu wote peku, na mimi na mabuti yangu. Watoto walinicheka wiki nzima, na mpaka mwisho wa muhula kulikuwa na wanafunzi wakiniona wanatembea kwa kunyanyua miguu juu kama mtu anayetoka matopeni. Ninawaambia haya ili muelewe kwamba nilikuwa natafuta heshima. Mwalimu mgeni anayetafuta heshima ni mtu wa kuogopwa.

Sasa Imelda. Alikuwa dada wa miaka kama thelathini, mfupi, mabega mapana, anatembelea gongo la mninga, maana mguu wake wa kushoto ulipooza akiwa na miaka mitatu na ukabaki mwembamba, haukanyagi. Nchi kavu alikwenda polepole. Lakini akifika ukingoni analichomeka gongo lake mchangani, anajitupa majini, na hapo usimtafute tena alipoingilia, mtafute mbele huko. Kila mwaka vijiji vya mwambao vilishindana kuogelea, unakwenda mpaka mtumbwi uliotiwa nanga, unauzunguka, unarudi, na miaka mitatu mfululizo Imelda aliwaacha wavuvi wenye miguu miwili, akachukua sufuria, akachukua doti ya kitenge, mwaka wa tatu akachukua mbuzi. Alivuta kwa mikono na mguu wa kulia, ule wa kushoto unamfuata tu nyuma kama mkia. (Hilo la mkia likumbukeni.)

Na ubingwa wake hakuukalia. Kila Jumamosi alifundisha. Alikuwa na wasichana, akina mama wauza dagaa, na kijana mmoja kiziwi aliyekuwa akimfundisha kwa kumgonga begani. Kila mmoja alikuwa na dumu tupu la mafuta ya kula la kukumbatia, na somo la kwanza liliitwa kupuliza uji: unaingiza uso majini na kupuliza kama unavyopoza uji wa moto, kisha unainua kichwa kuchukua pumzi. Ukisimama pale ufukweni unasikia sauti yake tu, "Puliza uji! Puliza uji, mama Ashura, utaungua!" na watu wanacheka huku wanajifunza. Siku moja nilimuuliza alianzaje. Akaniambia, "Mwalimu, nilikuwa natambaa, watoto wenzangu wananiruka. Baba alikuwa mvuvi, akachoka kuniona nagaagaa vumbini, akanitia majini. Basi humo ndimo nilimowakamata wote walioniruka." Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilimpenda kwa heshima zote tangu siku ile, na ndiyo maana aibu hii inauma zaidi.

Miaka miwili kabla sijafika, ziwa lilimchukua mjukuu wa Bi Maria, mtoto wa darasa la tatu aliyekwenda kuosha sufuria. Tangu hapo Imelda alikuwa na jambo moja kichwani, shule ikubali awafundishe wanafunzi wote kuogelea, kwenye ratiba, siyo kwa kuokoteza. Alikwenda kwa Mwalimu Mkuu mara nne, nyingine akiwa na Bi Maria. Mwalimu Mkuu wetu alikuwa mtu mwema lakini mwoga wa lawama, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: "Imelda, ubingwa wako sikatai. Lakini mtoto akizama utamwokoaje na mguu huo? Mtu mwenye ulemavu anajiokoa mwenyewe, tunashukuru Mungu. Kumvuta mwingine?" Imelda hakugombana. Aliomba kitu kimoja tu, waje waone. Mwisho akakubaliwa: Jumamosi moja Mratibu Elimu wa kata atakuja, watoto kumi na wawili wataogelea mbele yake na mbele ya wazazi, akiridhika darasa linaanza, asiporidhika habari imekwisha na Imelda asirudi tena ofisini. Sharti lilikuwa kwamba mwalimu mmoja anayejua kuogelea awemo majini na watoto.

Hapo ndipo uamuzi wangu mdogo unapoingia. Tuko ofisini, walimu wanne, Mwalimu Mkuu anauliza, "Nani kati yenu anajua kuogelea?" Mmoja akaanza kuchonga penseli, mwingine akaangalia dari, wa tatu akasema yeye ana presha. Nikawaza, hawa wote walinicheka na mabuti yangu. Mkono ukapanda. Sikuutuma, ulipanda wenyewe.

"Wewe Mabula? Mtu wa ng'ombe?" akauliza Mwalimu Mkuu.

"Mwalimu, mimi nimevuka Katuma imejaa, miti inapita," nikajibu, na hapo sauti yangu ilikuwa nzito kweli kweli.

Na jamani, hilo halikuwa uongo. Nimevuka Katuma ikiwa imejaa, siyo mara moja, mara sita. Ila sikusema nilivyovuka. Kwetu sisi wachungaji mto ukijaa hushindani nao. Unamchagua dume mwenye akili, unamwingiza majini, unaushika mkia wake kwa mikono miwili, unampigia kelele asikate tamaa, na yeye anaogelea mpaka ng'ambo na wewe unaelea nyuma yake. Ukishafika unasema "nimevuka", hakuna mchungaji anayesema "nimevushwa". Dume wetu aliitwa Meja, baba alimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kukubali amri ya mtu yeyote, na mimi, nikihesabu na Meja, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba najua kuogelea. Hakuna aliyeniuliza habari za ng'ombe, na mimi sikuona sababu ya kumwingiza ng'ombe kwenye mazungumzo ya ofisini.

Alhamisi Imelda akaja nyumbani kwangu na gongo lake, mwendo wote ule kwenye mchanga. Akakaa kwenye kigoda. "Mwalimu Mabula, nina mambo yangu yote kwenye Jumamosi hii. Niambie ukweli, unaogelea?"

"Dada Imelda, Katuma..."

"Nimesikia ya Katuma. Twende basi kidogo sasa hivi nikuone."

"Leo nina mafua, Dada."

Akaniangalia. Nikapiga chafya (ya kutengeneza, na hata hiyo haikuwa nzuri). Akasema, "Basi sawa, kaka yangu, nakuamini," akaondoka. Nyie, maneno yale "nakuamini" yalinikaa kichwani siku mbili. Ningeweza kumkimbilia, kwa mwendo wake ningemkuta hata mlangoni. Sikwenda. Nilijiambia kazi yenyewe ni kusimama tu ndani ya maji, na kusimama najua.

Jumamosi ikafika na watu wakajaa ufukweni utadhani kuna mnada. Mratibu alikaa kwenye kiti chenye mito kilichotolewa sebuleni kwa Mwalimu Mkuu, Bi Maria yuko mbele kabisa kwenye mkeka. Mimi nilikuwa nimevaa bukta ya mtumba iliyonizidi, nimeifunga kwa kamba ya kiatu, na shingoni nina filimbi ya shule. Mpango ulikuwa rahisi. Filimbi moja, watoto wanaogelea kuelekea kwenye nguzo iliyochomekwa majini. Filimbi mbili, wanageuka chali na kuelea. Filimbi tatu, wanarudi. Imelda atakuwa majini upande wa ndani, mimi nitasimama kwenye kina cha kifuani, karibu na nguzo. Akanionyesha kwa kidole: "Hapo, Mwalimu. Nyuma ya hapo usiende, ziwa linashuka ghafla."

Nikaingia. Maji yakafika magotini, kiunoni, kifuani, na mimi nikiwa natabasamu kama mgombea. Nikaweka filimbi mdomoni, nikapiga moja. Watoto wakaja, kumi na wawili na madumu yao, wazuri ajabu, wanapuliza uji kwa mpangilio, ufukweni vigelegele. Na mimi, kwa mazoea ya darasani, si mnajua mwalimu akitaka kuwaona wanafunzi wote anafanyaje? Anarudi nyuma hatua mbili. Basi nikarudi nyuma hatua mbili.

Ya pili haikuwa na chini.

Nilizama na filimbi mdomoni. Nikaibuka, nikapumua, na kwa kuwa nilikuwa nimeing'ata, ile pumzi ikatoka filimbi, priii! Nikazama, nikaibuka, priii! Watoto, ambao walikuwa na nidhamu kuliko mwalimu wao, waliposikia mbili wakageuka chali wote kwa pamoja wakaelea. Ufukweni makofi! Namsikia kabisa Mratibu anasema, "Safi sana, mwalimu yule anajua kazi." Mimi huku nakufa. Nikarusha mikono juu kuomba msaada, wazazi nao wakanipungia. Nikaibuka tena, priii, priii, priii, watoto wakarudi ufukweni kwa mstari, makofi zaidi, na mimi nikabaki peke yangu na ziwa la Tanganyika. Bukta ilikuwa imejaa maji na kunivuta chini kama gunia.

Aliyeelewa alikuwa mmoja tu. Nikasikia sauti, "Mwalimu! Puliza uji!" Nikajaribu kupuliza, nikaunywa. Kisha maji yakatikisika, kitu kikapita mbele ya macho yangu kwa kasi, Imelda alikuwa ananizunguka ili anishike kwa nyuma, kama wanavyofanya wao, na nyuma yake, ndani ya yale maji, nikaona kitu chembamba, kirefu, kinafuata.

Ndugu zangu, akili ilikuwa imeshaondoka, imebaki mikono, na mikono yangu inajua jambo moja tu kuhusu maji mengi. Nikaukamata ule mguu kwa mikono miwili. Filimbi ikatoka mdomoni ikabaki inaning'inia, na hapo hapo, mbele ya Mratibu, mbele ya Mwalimu Mkuu, mbele ya wanafunzi wangu wa hesabu wa darasa la tano, nikapaza sauti, "Heee! Vuka, Meja! Vuka baba! Usiniache, Meja, vuka!"

Imelda akageuza kichwa mara moja tu. Nilitegemea anipige teke la mguu mzima, na angekuwa na haki. Badala yake akaniangalia nilivyoshika, mikono imenyooka, mwili umelala juu ya maji, kimya kabisa nyuma (maana kwenye mkia mimi ni fundi, sichezichezi), akageukia mbele na kuanza kuvuta. Mabega yale. Alinivuta mimi na bukta yangu na maji yote ya ndani ya bukta, na mimi sikunyamaza njia nzima, "Vuka, Meja! Karibu tunafika!" mpaka tumbo langu likagusa mchanga na hata hapo sikuachia. Ilibidi mtoto mmoja wa darasa la pili anigonge mkononi, "Ticha, tumefika, mwachie Kocha."

Nimelala kifudifudi, mchanga mdomoni, nainua macho naona viatu vya Mratibu. Mwalimu Mkuu amejishika kichwa. Nikamwangalia Imelda, amekaa mchangani anahema, na usoni mwake sikuona hasira, niliona mtu anayejua kwamba kitu alichokihangaikia kimevunjika mbele ya macho yake. Hapo nilitamani ziwa lingenimalizia kazi. Aibu yangu haikuwa kitu, nilikuwa nimemharibia yeye, na yeye alinifuata mpaka nyumbani kuniuliza.

Mratibu akakohoa. "Kwa kweli," akaanza, "mwalimu aliyewekwa kulinda watoto ndiye anazama. Hili darasa..."

"Ngoja kwanza, baba." Alikuwa Bi Maria. Alisimama kwenye mkeka wake polepole, akajifunga khanga vizuri. "Mwalimu Mkuu, mimi nilikuwepo ulipomwambia huyu binti hawezi kumvuta mtu na mguu huo. Si ulisema hivyo?"

"Nilisema, mama, lakini..."

"Huyu mwalimu ana uzito gani?"

Mimi nikasema kutoka mchangani, "Nimeshiba, mama." Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Ameshiba," Bi Maria akasema. "Na amevutwa kwa mguu huo huo, siyo mwingine. Mlikuja kuona kama anaweza. Mnataka kuona nini tena? Au mpaka azame mtoto mwingine?"

Sauti yake ilikatika mwishoni. Kisha mama Ashura akapiga kigelegele, na wa pili akadakia, na ufukwe mzima ukalipuka, watu wanacheka na kulia kwa wakati mmoja, wavuvi wanapiga mitumbwi kwa makasia, watoto wanaruka na madumu wanaimba "Vuka, Meja! Vuka, Meja!" Mratibu alijaribu kukunja uso akashindwa, alicheka mpaka ile mito ikaanguka. Alipopata pumzi akamwambia Mwalimu Mkuu, "Andika kwenye ratiba. Jumamosi na Jumatano." Halafu akaninyooshea kidole. "Na huyu awe mwanafunzi."

Nilikwenda kwa magoti mpaka alipokaa Imelda. "Dada, nisamehe. Nilikudanganya. Katuma nilivuka na ng'ombe."

Alifuta machozi kwa kiganja. "Huyo Meja ndiye ng'ombe?"

"Ndiye, Dada."

"Ana nguvu?"

"Hakuna kama yeye Mpanda nzima."

Akaushika mguu wake wa kushoto kwa mikono yote miwili, akauangalia kama mtu anayemwangalia mtoto wake aliyefaulu mtihani. "Miaka ishirini na saba natembea na huu mguu, haujawahi kunifanyia kazi hata moja," akasema. "Leo umepata ajira." Kisha akacheka kile kicheko chake cha kukohoa, na mimi nikacheka, na nilikuwa nalia.

Jina la Meja limemkaa Imelda mpaka leo, Kocha Meja, na ukimwita Imelda kule mwambao kuna watoto watakuuliza Imelda ndiye nani. Mimi niliwekwa na darasa la pili, nikapewa dumu langu, nikapuliza uji muhula mzima nikiwa mrefu kuliko wanafunzi wenzangu wote kwa mita moja nzima, na wao ndio walionipigia makofi siku niliyofika kwenye nguzo bila dumu na bila kushika chochote. Darasa lile limetoa waogeleaji wengi, na tangu lianze hadi nilipohamishwa hakuna mtoto wa shule yetu aliyechukuliwa na ziwa. Bi Maria alikuwa anakuja kila Jumamosi na mkeka wake, anakaa tu, anawahesabu watoto wanaoingia na wanaotoka.

Ila mimi nimeapa, na kiapo changu nimekishika mpaka uzee huu. Mtu akiniuliza kama najua kitu, kuendesha pikipiki, kupika pilau, chochote kile, sinyanyui mkono kabla sijamuuliza kwanza: na ng'ombe, au bila ng'ombe?